Moshi Hauoshi

Naisula alikuwa na kibuyu cha maziwa, na sifa za kibuyu hicho zilizidi sifa za mwenyewe. Nawaomba mkitazame kibuyu zaidi ya Naisula, maana nawajua. Mkishasikia jina la mwanamke, mnaanza kuulizana ni wa ukoo gani na kaolewa boma lipi. Hamumjui. Aliishi katika nyanda za ng'ombe kama hizi zetu, alisali kama mnavyosali ninyi, na alikuwa na mkamwana aliyeitwa Namnyak, na mjukuu wa kike, Nasieku, aliyekuwa hajatimiza mwaka. Huyo mjukuu ndiye nitakayemsemea leo. Wakubwa wana midomo, watajisemea wenyewe.

Mnajua kibuyu kinavyotunzwa, lakini nitarudia, kwa sababu inaelekea mmesahau. Maziwa yakiisha, mama humimina maji ya moto ndani. Huingiza brashi ya mkia wa ng'ombe, kwa kuwa shingo ya kibuyu ni nyembamba na mkono haupiti, akasugua kila upande. Humwaga, akasugua tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ndipo huchukua kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, akakizungusha ndani kikiwa bado chekundu. Moshi unashika kuta, maziwa yanapata harufu nzuri, tena hayaharibiki upesi. Kusugua kwanza, kufukiza baadaye. Bibi zetu hawakuwahi kukosea mpangilio huo, na hakuna aliyewaitia semina.

Naisula naye aliufuata kwa miaka mingi. Siku moja wageni wa kanisa wakamfikia bila taarifa. Brashi yake ilikuwa imepukutika nywele, maji hayajachemka, na ndani ya kibuyu mlikuwa na masalia ya maziwa ya jana. Akairuka hatua ya kusugua. Akachukua kijinga, akafukiza kuliko kawaida, akamimina maziwa mapya, akawapa wageni. Mzee wa kanisa akanywa, akafumba macho, akasema, "Mama, maziwa ya hapa yana harufu ya mbinguni." Wote wakaitikia, na mmoja akaomba aongezewe.

Hapo ndipo alipopotea. Hakupotea kwa kuacha kusugua, kwani yeyote anaweza kupungukiwa na maji siku moja. Alipotea pale aliposifiwa kwa kibuyu kichafu, akatambua kwamba watu hawawezi kutofautisha. Kesho yake angeweza kusugua. Maji yalikuwapo. Lakini kusugua kunachosha mkono, na hakuna anayekuona ukisugua. Kufukiza kunaonekana. Moshi unatoka mlangoni, jirani ananusa, anasema Naisula yuko kazini. Basi akafukiza. Na keshokutwa akafukiza.

Brashi ikatundikwa ukutani ikawa pambo. Kibuyu kikavishwa shanga, kikapata mkanda mpya wa ngozi, kikawa kinapelekwa kwenye harusi na kwenye ibada za shukrani, na watu wakakipokea kwa mikono miwili. Ndani yake maziwa ya zamani yaliganda juu ya maziwa ya zamani zaidi, masizi yakalala juu yake, halafu maziwa tena. Nani angejua? Nani kati yetu huchungulia kibuyu cha mwenzake? Adabu haituruhusu, na shingo yenyewe ni nyembamba.

Naona mmeshaanza kutabasamu. Subirini kwanza.

Namnyak alikuwa akiuza vitambaa mnadani. Siku za mnada alimwacha mtoto kwa koko yake, yaani huyu Naisula, na koko alimpa maziwa kutoka kibuyu hicho. Alimpa kwa mapenzi yote. Nasema tena, kwa mapenzi yote, kwa sababu kuna wanaosubiri niwaambie kwamba Naisula alikuwa mchawi, ili wapumue. Hakuwa mchawi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Angekubali kufa kwa ajili ya yule mtoto. Alimpenda na akamnywesha uchafu, kwa mikono ileile, siku ileile, na hilo ndilo ninalotaka mliogope.

Mtoto akaanza kuharisha. Akikaa na mama yake anapata nafuu, akirudishwa kwa koko anaugua tena. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Lakini Naisula alikuwa na majibu. Kwanza alisema ni meno. Meno yakaota, ugonjwa ukabaki. Akasema ni maji ya bwawa. Halafu akasema ni maziwa ya Namnyak, eti mwanamke anayekaa juani mnadani kutwa maziwa yake huchacha kifuani. Ninyi chekeni tu. Nimesikia mabaya kuliko hayo yakisemwa na watu walioshika vyeti.

Mwisho akasema ni jicho baya. Alikuwapo mjane jirani, Nalotuesha, ambaye jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho, na ambaye siku moja alimshika Nasieku shavu akasema ni zuri. Basi ikawa ni yeye. Naisula akaanza kupita mlangoni kwa mjane bila salamu. Wanawake wengine wakamfuata, kwani kama Naisula, mama wa maombi, ameona hivyo, nani abishe? Mjane akawa anakwenda kuchota maji peke yake, na hakujua kosa lake ni lipi.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Kila mtoto alipozidiwa, Naisula alizidisha moshi. Aliacha kuni za karibu, akaenda mbali milimani kutafuta oloirien mkavu, wenye harufu kali zaidi. Ungemwona akirudi na mzigo mgongoni, jasho linamtiririka, ungesema huyu mama anahangaikia mjukuu wake. Na kweli alihangaika. Alihangaika kila mahali isipokuwa ndani ya kibuyu.

Akaitisha maombi nyumbani kwake. Wanawake wakaja wakiwa wamefunga. Nasieku alilazwa juu ya kanga katikati yao, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Waliimba, wakalia, wakakemea, wakavunja kila kamba na kila mkono wa adui, na kila aliyetaja adui alielekeza uso upande wa nyumba ya mjane. Kibuyu kilikuwa palepale kando ya mtoto, kimevaa shanga zake. Baada ya amina mama mmoja alikiinua, akakinusa, akasema, "Naisula, Mungu amekubariki mikono." Kisha Nasieku akapewa maziwa.

Mniwie radhi, sauti yangu inapanda. Waliomba kwa imani, na imani yao siikejeli. Lakini walimwomba Mungu atoe kwa mtoto kile walichokuwa wanamtilia wenyewe mdomoni, halafu wakarudi nyumbani wakishangaa mbona Mungu amenyamaza.

Wiki iliyofuata Namnyak alimbeba mtoto akampeleka zahanati, na Naisula akafuatana naye. Nesi alikuwa mgeni katika eneo hilo. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Akampa maji ya chumvi na sukari, akamwambia Namnyak bila kuficha kwamba mtoto huyu hana nguvu ya kuharisha tena, na kwamba akirudishwa katika hali hii hatamwahidi kitu. Kisha akamgeukia bibi akauliza, "Chombo chake cha maziwa mnakiosha vipi?"

Naisula akajibu, "Kinanukia mpaka barabarani."

Foleni ilikuwa ndefu, nesi akaita mgonjwa mwingine. Lakini Namnyak alikuwa amesikia. Mama mkwe aliulizwa habari ya maji, akajibu habari ya moshi. Njia nzima Namnyak alitembea na jibu hilo, na mtoto mgongoni alikuwa mwepesi kuliko kanga iliyombeba.

Sasa Namnyak afanye nini? Mnajua desturi. Kibuyu cha mwanamke ni chake, na mkamwana hanyooshi kidole mbele ya mama mkwe. Akajaribu kwa adabu. Alinunua brashi mpya mnadani akampa kama zawadi. Naisula alishukuru sana, akaombea mikono iliyotoa, akaitundika brashi ukutani kando ya ile ya zamani. Zikawa mbili. Siku nyingine Namnyak alichemsha maji, akasema kwa upole, "Yeyo, mama yangu, haya yamebaki, kama kuna kitu ungependa kusuuza." Naisula akayachukua, akanawa miguu.

Ninyi mnacheka, lakini mimi nimesimama mahali hapa miaka na miaka nikigawa brashi. Najua zilipotundikwa.

Ikafika siku ya mnada. Namnyak alifika kwa mama mkwe, mtoto yuko mgongoni, hana nguvu hata ya kulia. Naisula alikuwa ameshaketi jikoni na kibuyu mapajani, anachagua kijinga kilichoshika moto vizuri. Namnyak alitazama kile kijinga. Akaona kwamba akienda mnadani, jioni hatamkuta mwanawe. Akapiga magoti pale kwenye majivu, akainamisha kichwa, akasema, "Yeyo, siombi kinukie. Naomba kioshwe."

Naisula alisimama. "Unaniita mchafu? Mimi ninayewaombea ninyi mkiwa mmelala?" Alisema na mengine mengi, na mengi yalikuwa ya kweli. Kweli alifunga. Kweli alitoa. Kweli kwaya ilimtegemea yeye kuanzisha nyimbo. Namnyak alibaki amepiga magoti. Na katikati ya maneno hayo mtoto akasikia harufu ya kibuyu, akaitambua, akautoa mkono wake kwenye kanga na kuunyoosha akikitaka.

Naisula aliuona ule mkono. Ulikuwa mwembamba, na ulikuwa unaomba kutoka kwake. Akarudisha kijinga motoni, akachukua brashi, ile mpya, akatoka nyuma ya nyumba na sufuria ya maji ya moto.

Kabla ya kumimina alitazama kulia na kushoto kama kuna mtu anamwona. Hata hapo! Mjukuu anakufa, naye anaogopa macho ya majirani. Ndivyo tulivyo, na ningekuwa nadanganya kama ningemfanya bora kuliko sisi. Akamimina maji, akatia majivu na changarawe, akatikisa, akaingiza brashi. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Hayo hayakumtisha, yalikuwa masizi. Yaliyofuata yalitoka ya kijivu, na mabonge ndani yake, na uvundo ambao hakuwahi kuukuta hata kwenye mzoga. Mbwa wakaja. Naisula akageuza uso akatapika.

Alisugua mpaka kiganja kikachubuka. Ikafika mahali maji yakaanza kutoka meupe-meupe, na harufu ikawa ndogo. Hapo lile wazo la zamani likarudi. Inatosha. Nikifukiza kidogo hakuna atakayejua. Aliketi chini kwenye tope lake mwenyewe akalia, kwa sababu alitambua ile sauti. Ilikuwa yake, na alikuwa ameitii miaka yote hiyo akidhani ni busara. Namnyak akatokea na sufuria nyingine ya maji. Hakuziba pua. Aliiweka chini, akarudi kwa mtoto. Naisula akafuta machozi kwa mkono mchafu, akaanza upya.

Nasieku alipona. Hakunenepa kesho yake, na atakayewaambia hivyo anawauzia kitu. Alipona polepole kama watoto wanavyopona, leo vijiko viwili, kesho kikombe, siku moja akavuta shanga za koko mpaka uzi ukakatika, na hakuna aliyemgombeza. Naisula alikwenda kwa Nalotuesha akamwomba radhi. Ilikuwa vigumu kuliko kusugua. Mjane alimsikiliza, akalia, kisha akamuuliza mtoto anaendeleaje, akasema anatamani kumbeba.

Mngependa niishie hapo. Ndipo ninyi mnapopenda hadithi ziishie, mtoto akicheka.

Lakini kulikuwa na ibada ya shukrani, na Naisula akaleta kibuyu chake kama kawaida. Hakukifukiza. Hakujiamini tena na moshi, akasema moyoni mwake, kwanza nijue maziwa yangu yananukaje yenyewe. Wanawake wakanywa. Wakatazamana. Mmoja akasema chinichini kwamba Naisula amechoka siku hizi. Mwingine akasema hapana, amepoa kiroho, moto wake umezimika, na inafaa aombewe. Walikisifu kibuyu kilipokuwa kinaua mtoto, na siku kilipokuwa safi kuliko siku zote walikisikitikia. Mama wa kikundi akamsogelea kwa huruma akauliza, "Mama, harufu yako imekwenda wapi?"

Naisula alisema, "Nimekisugua."

Yule mama alisubiri maelezo, akaona hayaji. Akarudi mahali pake, akakivuta kibuyu chake mwenyewe karibu na miguu, na mtu akaanzisha wimbo upesi.

Kuna mwenye akili nyingi atakayeondoka hapa akitangaza kwamba nimekataza moshi. Sikukataza. Moshi ni mzuri. Imbeni, fungeni, toeni, pigeni magoti mpaka magoti yaote sugu. Mungu ananusa na anapendezwa. Lakini moshi hauoshi. Haujawahi kuosha hata siku moja, na kama ndani kuna kinyongo cha mwaka juzi, na husuda juu yake, na tamaa uliyoifunika vizuri kwa zaburi, basi wimbo wako unakaa juu ya hayo kama masizi, na kesho utaongeza tabaka jingine. Ndani hamna mkono wa mchungaji unaoweza kufika. Shingo ni nyembamba. Mwenye kibuyu asipokubali maji yaingie, na asipokubali kusimama karibu na kile kitakachomwagika, hakuna atakayemsaidia, na Mungu mwenyewe anangoja na sufuria yake mkononi.

Nawaona. Tangu nilipotaja shanga vichwa vimekuwa vikigeuka. Huyu anamtazama yule, yule amemfinya jirani, na pale nyuma kuna mtu ameshapata jina kamili na la ukoo. Kila mmoja wenu amekitambua kibuyu ninachokisema, na kila mmoja amekikuta nyumbani kwa mwenzake. Haya, tuseme mko sahihi, na ni kichafu kweli. Lakini leo mkifika nyumbani, watoto wenu watanywea kibuyu cha nani?